Habari za Kupima katika Kemia: Tangu Mizani ya Liebig hata Kompyuta

Mwaka 1824 kijana mmoja wa Kijerumani, jina lake Justus von Liebig, alipewa kazi ya kufundisha kemia katika chuo kikuu cha mji mdogo wa Giessen. Umri wake ulikuwa miaka 21 tu. Walimu wenzake hawakumfurahia, maana aliwekwa na Mtawala wa Hesse kwa shauri la msafiri mashuhuri Alexander von Humboldt, pasipo wao kuulizwa neno. Nyumba aliyopewa ilikuwa kambi ya askari iliyoachwa. Lakini humo alianzisha desturi ambayo kwa watu wa wakati ule ilikuwa ngeni. Siku zile mwalimu wa kemia alisimama mbele akaonyesha majaribio, na wanafunzi wakatazama kwa mbali kama watu watazamavyo mazingaombwe. Liebig alimpa kila mwanafunzi mahali pake penye meza, moto na dawa, akamwambia ajaribu na kupima kwa mkono wake mwenyewe.

Si kwamba yeye alikuwa wa kwanza kabisa kuwaruhusu vijana kushika vyombo, lakini mfano wake ndio ulioenea. Vijana walimwendea toka Uingereza, Ufaransa, hata Marekani, nao waliporudi kwao walijenga vyumba vya namna ile ile, ambavyo sisi leo twaviita maabara. Chombo kilichowapa sifa kilitengenezwa na Liebig mwaka 1831. Kilikuwa na vitufe vitano vya kioo vilivyounganishwa kwa umbo la pembe tatu, na ndani yake maji ya potasi. Kitu kama sukari kilipochomwa, hewa ya kabonidayoksaidi iliyotoka ilipita katika vitufe hivyo ikanaswa. Mwanafunzi alipima uzito wa vitufe kabla ya kuchoma, akapima tena baadaye, na tofauti ya uzito ilimwambia sukari ile ilikuwa na kaboni kiasi gani. Hata leo picha ya vitufe hivyo imo katika alama ya chama cha wakemia wa Marekani.

Twataka msomaji aangalie jambo moja hapa, kwa kuwa ndilo asili ya maneno yetu yote. Kati ya mizani na daftari palikuwa na mtu. Jicho lake lilisoma, mkono wake uliandika. Jicho likichoka, nambari huwa mbaya; moyo usipokuwa mwaminifu, nambari huwa nzuri kupita kiasi. Kila mwalimu aliyesahihisha madaftari ya majaribio amewahi kuona majibu yaliyolingana na kitabu mpaka tarakimu ya mwisho, naye akajua mara moja kwamba majibu yale hayakutoka mezani. Sisi Wakristo tumefundishwa tangu utoto kuichukia mizani isiyo ya haki. Ila mizani ya maabara yaweza kuwa ya haki kabisa, na bado habari zake zikapotoka njiani kabla ya kufika kwenye karatasi. Basi habari tutakazosimulia ni za jinsi mtu yule wa katikati alivyoondolewa kidogo kidogo, na kwamba hata sasa walimu hawajakubaliana kama kuondolewa kwake ni faida tupu.

Katika mwaka ule ule wa 1824, Mfaransa Gay-Lussac alitumia majina mawili ambayo wanafunzi wanayatamka mpaka leo, bureti na pipeti. Baadaye Mjerumani Karl Friedrich Mohr aliifanya bureti iwe nyepesi kutumia: mrija mrefu wa kioo uliochorwa mistari, chini yake kibano cha kuzuia na kuachia matone. Kwa chombo hicho mtu aweza kujua siki ina ukali kiasi gani. Humwagia siki tone kwa tone maji ya hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki ile ya watengeneza sabuni, hata ukali wa siki umalizike. Atajuaje kwamba umemalizika? Kwa rangi. Hutia ndani ya siki dawa ibadilikayo rangi, mojawapo ikiwa litimasi, nyekundu katika ukali wa asidi na samawi katika kostiki. Litimasi hutolewa katika kuvu za namna ya ndevu za kijivu ziotazo juu ya miti na majabali. Kuvu za jamii hiyo ziliokotwa sana pwani yetu katika karne ya 19, wafanya biashara wa Unguja wakazipeleka Ulaya kwa ajili ya rangi, na wengi wa waliookota, twadhani, hawakujua ni za kazi gani huko ziendako.

Rangi ni shahidi mwema, lakini husema neno moja tu: bado, au tayari. Haisemi habari za njiani. Tena macho ya watu hayafanani. Mmoja huona wekundu, jirani yake huona zambarau, na wengine tangu kuzaliwa hawatofautishi rangi kadha wa kadha.

Mwaka 1909 mambo mawili yalitokea. Katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, Søren Sørensen alitunga kipimo kiitwacho pH, ambacho huonyesha ukali wa asidi kwa nambari: 7 ni maji safi, chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni namna ya kostiki. Na huko Ujerumani, Fritz Haber na Zygmunt Klemensiewicz walieleza jinsi kitufe cha kioo chembamba sana kitiwapo katika maji ya asidi kitoavyo nguvu ndogo ya umeme, nayo huongezeka au hupungua kwa kadiri ya asidi. Kila nambari moja ya pH ni milivolti 59 hivi, ikiwa joto ni la nyuzi 25. Kwa muda mrefu nguvu hiyo ilikuwa vigumu kupimwa, maana kioo huzuia umeme sana, na vyombo vya kuupima vilivunjika upesi.

Aliyelifungua fundo hilo ni Arnold Beckman, mwalimu wa kemia mjini Pasadena, California. Mwaka 1934 alijiwa na rafiki yake wa masomo aliyekuwa mkemia wa chama cha wakulima wa machungwa na malimau. Rafiki huyo alitaka kupima ukali wa maji ya malimau, naye alikuwa amechoshwa na vyombo vyake. Beckman akaunganisha kitufe cha kioo na valvu za redio zilizoukuza ule umeme mdogo, akaweka vyote katika sanduku moja la kubebeka. Mwaka uliofuata sanduku hilo likaanza kuuzwa kwa dola 195. Si haba kwa siku zile za shida ya fedha, lakini wakemia walilinunua.

Watu wengi husifu chombo cha Beckman kwa kuwa kilirahisisha kazi. Sisi twaona kwamba jambo kubwa zaidi lilikuwa lingine. Tangu hapo ukali wa siki ukawa umeme unaopita katika waya, na kitu kilichokwisha kuwa umeme chaweza kupelekwa popote: kwenye sindano ya kusomwa na jicho, au kwenye kalamu ya kuandika yenyewe. Mjini Prague, Jaroslav Heyrovský pamoja na Mjapani Masuzo Shikata walikuwa wametangulia njia hiyo. Mwaka 1924 walitengeneza mtambo, polarografu, uliopima vitu vilivyoyeyuka majini kwa kupitisha umeme katika matone ya zebaki, nao ulijiandikia mstari wake kwa mwali wa nuru juu ya karatasi ya picha. Kazi ambayo kwanza ilimshughulisha mtu saa nyingi, akisoma na kuandika, sasa ilikwisha kwa dakika chache. Heyrovský alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1959.

Baada ya vita ya pili ya dunia, kalamu zijiandikiazo zilijaa katika maabara za vyuo vya Ulaya na Marekani. Karatasi ndefu ilizungushwa na mota kwa mwendo usiobadilika, na juu yake kalamu ilikwenda kushoto na kulia kwa kadiri ya umeme. Mwaka 1952 Waingereza A. T. James na A. J. P. Martin walieleza njia ya kutenga vitu vilivyochanganyika kwa kuvipitisha kama mvuke ndani ya mrija mrefu. Kila kitu hutoka kwa wakati wake, na kalamu huchora kilima kwa kila kimoja. Ukubwa wa kilima ndio kiasi cha kitu. Lakini ukubwa wa kilima kilichopinda wapimwaje? Wanafunzi walishika mkasi, wakakata kilima kile katika karatasi, wakakiweka juu ya mizani. Karatasi nzito, kitu kingi! Chombo kipya kabisa kilimrudisha mwanafunzi kwenye mizani ya Liebig, na kazi yake ya siku nzima ikategemea mkono usiotetemeka wakati wa kukata.

Na kompyuta je? Kompyuta za kwanza zilikuwa kubwa kama nyumba, na mkemia hakuzikaribia. Alitoboa hesabu zake katika kadi, akazipeleka kwa wenye mashine, akangoja jibu kesho yake. Kompyuta ya namna hiyo yaweza kukokotoa, lakini haiwezi kukusanya habari, kwa kuwa haipo mahali tendo litendekapo. Mwaka 1962 wataalamu wa Massachusetts walitengeneza moja iitwayo LINC, ya kukaa katika chumba kimoja na mtafiti na kuunganishwa na vyombo vyake. Mwaka 1965 kampuni ya Digital ikatoa PDP-8, bei yake dola 18,000. Bei hiyo ilimshinda mtu mmoja, ila si idara ya chuo kikuu chenye fedha. Kumbukumbu yake ilikuwa na maneno 4,096 tu, pungufu ya yale yaingiayo katika kurasa chache za gazeti hili mara kadha; na programu iliingizwa kwa ukanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Huko Purdue katika Indiana, Sam Perone na wenzake waliwafundisha wakemia kuziunga mashine hizi na vyombo vyao, naye pamoja na mwenzake walitoa kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1973.

Hapa yafaa tueleze jinsi kompyuta isomavyo umeme, maana wengi hudhani ni siri isiyofahamika, kumbe ni kazi ya sokoni. Fikirini mizani ya pande mbili, na mawe manane ya uzito wa 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Mfuko wa kahawa umewekwa upande mmoja. Mpimaji huweka jiwe la 128 upande wa pili. Likizidi, huliondoa, lisipozidi, huliacha. Kisha huongeza la 64, naye hutenda vivyo hivyo, hata afikie jiwe la 1. Mwisho huandika mawe yaliyobaki, na huo ndio uzito. Kuna chombo kidogo ambacho hutenda hivyo hivyo kwa umeme, maelfu ya mara katika sekunde moja, na kila jiwe huitwa biti. Mwenye mawe manane aweza kutofautisha vipimo 256. Mwenye mawe kumi na mawili, vipimo 4,096.

Hesabu hii ina madhara yake. Tuseme chombo chenye mawe manane kimetengenezwa kupima toka 0 hata volti 5. Kila hatua yake ni milivolti 20 hivi, yaani theluthi moja ya nambari ya pH. Mwanafunzi akiunga kitufe cha kioo moja kwa moja na chombo hicho, ataona ukali wa siki ukipanda kwa kuruka-ruka kama ngazi, naye asiye na mwalimu aweza kuandika kwamba siki yenyewe ndiyo irukayo. Ndiyo sababu umeme wa kitufe hukuzwa kwanza kabla ya kupimwa. Chombo chenye upofu hakisemi kwamba hakioni. Husema nambari tu.

Mambo yalibadilika upesi mwaka 1977, zilipotoka kompyuta ndogo za kuwekwa mezani, kama Apple II. Kompyuta hiyo ilikuwa na tundu la kuchomekea vishikio vya michezo ya watoto. Walimu wenye akili waligundua kwamba tundu lile hupima ukinzani wa umeme. Basi wakatoa kishikio cha mchezo wakachomeka kipande kidogo ambacho ukinzani wake hubadilika kwa joto, na papo hapo kompyuta ya kuchezea ikawa kipimajoto. Mwaka 1981 Uingereza ilipata kompyuta ya BBC, iliyokwisha kuwekewa njia nne za kusomea umeme tangu kiwandani, kwa kuwa ilikusudiwa shule. Mwaka ule ule mwalimu wa fizikia wa Oregon, David Vernier, na mkewe Christine, walianzisha biashara yao ya programu na vyombo vya kupimia kwa ajili ya wanafunzi. Huko Massachusetts, Robert Tinker na wenzake waliutetea ufundishaji wa namna hii kwa bidii nyingi. Mwaka 1994 kampuni ya Texas Instruments ilitoa kisanduku kidogo cha kukusanyia vipimo, cha kuunganishwa na kikokotozi cha mkononi, na kazi ikawezekana hata nje penye mto au shamba.

Sasa tuitazame kazi yenyewe katika chuo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana mililita 25 za asidi ya siki iliyozimuliwa, na kostiki ya nguvu ile ile katika bureti. Zamani alimimina mililita moja, akangoja, akasoma sindano, akaandika, akamimina nyingine. Hapo mwanzo pH hupanda polepole sana. Kwenye nusu ya safari, yaani mililita 12 na nusu, huwa 4.76, nambari ambayo mkemia huitambua kuwa ni ya asidi ya siki kama tumtambuavyo mtu kwa sauti. Kisha, karibu na mwisho, matone manne tu huirusha toka 7.2 hata 10.3. Mwanafunzi aliyekuwa akimimina mililita nzima hupita juu ya mwinuko huo asiuone. Huona nukta moja chini na nukta moja juu, naye huunganisha kwa rula. Kompyuta hupima kila tone. Mwinuko huchorwa mbele ya macho yake, tone baada ya tone, wakati mkono wake ungali umeshika bureti.

Au tuchukue ile dawa ya zambarau tunayopakwa vidondani. Ikichanganywa na kostiki nyingi, rangi yake hufifia hata maji yawe meupe. Nuru ya rangi moja hupitishwa katika maji yale, na kompyuta huandika kila sekunde ni nuru kiasi gani imezuiwa. Ikiwa rangi imepungua nusu kwa dakika tatu, itapungua nusu ya iliyosalia kwa dakika tatu nyingine, na tena nusu kwa dakika tatu. Mwanafunzi aweza kuijua kanuni hiyo kwa kuambiwa. Lakini akiiona ikijitokeza katika mstari ambao yeye mwenyewe ameuanzisha kwa kumimina, kisha akabadili kiasi cha kostiki na kuona mstari ukishuka kwa mwendo mwingine, tena mara tatu au nne katika alasiri moja, hapo ameuliza swali na kujibiwa. Zamani alasiri ile ilitosha jaribio moja, na grafu aliichora usiku chumbani kwake, siki na dawa zimekwisha mwagwa, asiweze kurudia kitu.

Je, yamethibitishwa haya, au ni furaha ya wauzaji tu? Mwaka 1987 Heather Brasell wa Marekani alitoa habari za uchunguzi wake kwa wanafunzi wa sekondari waliojifunza grafu za mwendo. Kundi moja liliona grafu ikichorwa papo hapo. Kundi jingine liliona grafu ile ile, lakini imecheleweshwa sekunde 20 hadi 30 hivi. Faida karibu yote ilikuwa kwa kundi la kwanza. Ingawa hayo yalikuwa ya fizikia, sisi twaona ni jambo la kustaajabisha: muda usiotosha kuchemsha chai ulitenga tendo na maana yake. Kwa upande wa kemia, Mary Nakhleh na Joseph Krajcik walieleza mwaka 1994 habari za wanafunzi wa sekondari waliopima asidi kwa njia tatu: wengine kwa rangi, wengine kwa chombo cha pH, wengine kwa kompyuta. Wale wa kompyuta walionekana kupiga hatua kubwa zaidi katika kuunganisha mawazo yao juu ya asidi. Wala hatusemi uchunguzi wa watu wachache umemaliza neno. Lakini si maneno ya soko.

Lakini wako walimu waliosema tangu mwanzo kwamba mashine itamfanya mwanafunzi kuwa mtazamaji, kama wale wa kabla ya Liebig, nao hawakukosa haki. Tatizo la kwanza ni tarakimu. Kompyuta huandika 4.7631 bila haya, ingawa kitufe cha kioo pengine hakiaminiki kupita tarakimu ya pili baada ya nukta. Mwanafunzi huinakili nambari nzima kwa heshima kubwa. Aliyesoma sindano kwa jicho lake alijua shaka yake mwenyewe, maana aliona sindano ikicheza. Aliyepewa nambari haoni shaka yoyote. La pili ni kusawazisha. Kabla ya kazi, kitufe hutiwa katika maji mawili ambayo pH yake yajulikana, kwa desturi 4 na 7, na kompyuta huambiwa: hii ni 4, hii ni 7. Ikiambiwa uongo hapo, itasema uongo siku nzima kwa unyofu wote. Hapo ndipo uaminifu wa mtu ulipohamia. Zamani ulikaa kwenye kila nambari, sasa umekaa kwenye dakika tano za asubuhi ambazo hakuna azipendaye.

Na juu ya udanganyifu, mambo ni mawili. Kompyuta huandika kila kitu, hata tone lililomwagika pembeni na chupa iliyogongwa, wala haiandiki kwa kupendeza; aliyezoea kupika nambari zake hupata shida. Lakini faili nzima hunakiliwa na kupewa rafiki kwa muda mfupi kuliko kunong'ona nambari moja. Vyuo vingine hutaka daftari la wino liendelee: mwanafunzi aandike alichofanya, saa ngapi, rangi ilikuwaje, na kwa nini alianza upya. Sisi twaona desturi hiyo ni njema, hasa lile la rangi, maana kompyuta haikuona.

Gharama nazo zimeshuka sana. Mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, walimu na wanafunzi walitengeneza kibao kidogo kiitwacho Arduino, na mwaka 2012 Waingereza wa Cambridge walitoa kompyuta ya Raspberry Pi, ndogo kama kadi, kwa dola 35. Mwanafunzi wa chuo aweza leo kujijengea kipima nuru kwa kibao cha namna hiyo, taa ndogo na waya, nacho kikapima dawa ya zambarau kwa usahihi wa kutosha kujifunza kanuni ile ya nusu na nusu. Simu ya mkononi yenye kamera hutumiwa vivyo hivyo kupima rangi. Twalisema hili kwa ajili ya vyuo na shule zetu, ambako bureti ya kioo ingali na kazi nyingi: mawe kumi na mawili ambayo mwaka 1965 yalihitaji fedha ya chuo kikuu, sasa yamo katika kitu cha bei ya viatu au chini yake.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja bila kuitwa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo duniani kote, maabara zilifungwa pia. Kwa kuwa vipimo vilikwisha kuwa faili, walimu wengi wa kemia waliweza kufanya jaribio peke yao mbele ya kamera, kisha wakawapelekea wanafunzi majumbani nambari zote, nao wakachora grafu na kukokotoa kama kawaida. Hesabu zilifanyika. Ila wanafunzi wale hawakumwaga kitu, hawakuvunja kioo, wala hawakugundua kwamba kitufe kilikuwa kimekauka. Walikuwa wamerudi kwenye viti vya mbali vya mwaka 1823, ingawa mikononi mwao walikuwa na nambari nyingi kuliko alizopata mwanafunzi yeyote wa Giessen. Vyuo vingine vilipeleka majumbani masanduku madogo yenye siki, dawa za rangi zisizodhuru na mirija ya plastiki, ili walau mkono upate kazi.

Vyuo vilipofunguliwa, maabara zilianza tena. Beckman mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2004, mwenye umri wa miaka 104. Kitufe chembamba cha kioo hakijabadilika sana tangu siku zake: hutolewa katika maji yake ya akiba, husuuzwa kwa maji safi, hufutwa kwa karatasi laini pasipo kusuguliwa, kisha hutiwa katika maji ya pH 7, na mwanafunzi hungoja nambari itulie kabla ya kubonyeza.